URATIBU: MFUMO WA FAHAMU UNAVYOONGOZA MKAO, MWENDO NA MAUMIVU YANAYOJIRUDIA

Malengo ya somo

Baada ya kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza jinsi mfumo wa fahamu unavyodumisha mkao wa mwili;
(b) kutofautisha tendo la hiari na tendo la refleksi;
(c) kueleza jinsi maumivu yanavyotokea, na kwa nini maumivu mengine hurudi hata baada ya jeraha kupona;
(d) kutumia maarifa haya kujibu maswali yanayotokana na maisha ya kila siku.

1. Utangulizi

Mada ya Uratibu huwashinda watahiniwa wengi kwa sababu huikariri kama orodha ya majina: neuroni, sinapsi, serebelamu, medula. Majina ni lazima uyajue, lakini maswali yenye alama nyingi hutaka ueleze kazi. Kwa hiyo tutaanza na kazi ambayo karibu kila mwanafunzi wa Ngara na Biharamulo ameifanya: kupanda kilima ukiwa na ndoo ya maji kichwani.

Njia ina mawe na mteremko. Maji yanacheza ndani ya ndoo. Wewe unazungumza na mwenzako, wala hufikirii shingo yako wala magoti yako. Hata hivyo ndoo haianguki. Nani anafanya kazi hiyo? Ni mfumo wa fahamu. Misuli ndiyo inayovuta na mifupa ndiyo inayobeba, lakini msuli wa kiunzi haujui lini uvute wala kwa nguvu kiasi gani mpaka uletewe taarifa na neva.

2. Kumbuka kwanza

Mfumo wa fahamu una sehemu kuu mbili:

- Mfumo mkuu wa fahamu: ubongo na ugwe mgongo. Ugwe mgongo ni kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Usichanganye kamba hiyo na mifupa inayoilinda.
- Mfumo wa pembeni wa fahamu: neva zinazounganisha mfumo mkuu na mwili wote. Binadamu ana jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo na jozi 31 zinazotoka kwenye ugwe mgongo.

Neuroni ziko za aina tatu kwa kazi. Neuroni hisi hupeleka taarifa kutoka kwenye vipokezi hadi mfumo mkuu. Neuroni unganishi hupokea taarifa hizo ndani ya mfumo mkuu na kuzipeleka panapohusika. Neuroni tendaji hupeleka amri kwenye misuli au tezi.

Shika mfuatano huu, maana ndio uti wa majibu yote ya mada hii:

*kichocheo → kipokezi → neuroni hisi → mfumo mkuu → neuroni tendaji → kitendaji → mwitikio*

3. Mfumo wa fahamu na mkao wa mwili

Mkao ni namna mwili unavyojishikilia ukiwa umesimama, umekaa au unatembea. Usidhani kusimama wima ni kutofanya kitu. Mwili wa aliyesimama huyumba kidogo wakati wote, na mfumo wa fahamu hurekebisha kuyumba huko bila kupumzika. Ili ufanye hivyo, ubongo unahitaji taarifa kutoka sehemu tatu:

1. Macho huonesha mlalo wa ardhi na vitu vilivyo mbele.
2. Sikio la ndani hutambua kichwa kinapoinama, kinapozunguka au kinapobadili kasi.
3. Vipokezi vilivyo ndani ya misuli, kano na maungio hutambua kiasi ambacho msuli umevutwa na pembe ya kiungo. Kwa hisi hii unaweza kufumba macho na bado ukagusa pua yako kwa kidole.

Taarifa hizi huunganishwa hasa na serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo nyuma na chini ya ubongo mkubwa. Serebelamu hulinganisha kile kilichokusudiwa na kile kinachotokea, kisha husahihisha. Ndiyo maana mlevi hupepesuka: pombe huvuruga kazi ya serebelamu, ingawa misuli ya miguu yake ni mizima.

*Mfano wa Afrika Mashariki: mzigo wa kichwani*

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanyika Kenya. Walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo, waliobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu, waliobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni wakati wa kutembea. Mzigo ulipozidi hapo, gharama ilianza kupanda. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza sababu: wabebaji hao waliyumbisha mwili kama timazi kwa ufanisi zaidi, hivyo nishati kidogo ilipotea katika kila hatua. Huo ni ustadi wa mfumo wa fahamu unaojengwa kwa miaka ya mazoezi tangu utotoni.

Usitoe hitimisho kwamba mzigo wa kichwani hauna madhara. Tafiti za baadaye huko Afrika Kusini hazikukuta unafuu huo kwa kila mbebaji, na shingo ndiyo iliyolalamikiwa. Fanya hesabu mwenyewe. Mwanafunzi mwenye kilo 50 hufikia asilimia 20 kwa mzigo wa kilo 10. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, yaani asilimia 40 ya uzito wake, mara mbili ya kiwango hicho. Kwa mtoto wa kilo 25, ndoo hiyohiyo ni asilimia 80. Kumpa mtoto kidumu cha lita 5 ni jambo lenye sababu ya kisayansi.

4. Mfumo wa fahamu na mwendo

*(a) Tendo la refleksi na tendo la hiari*

Unapanda kilima na mguu unajikwaa kwenye jiwe. Kabla hujafikiri, mguu uliojikwaa umejikunja na mwingine umekaza kubeba uzito wote. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Kibiolojia tunaweza kuongeza sababu: ugwe mgongo ulijibu bila kungoja ubongo uamue.

| Tendo la refleksi | Tendo la hiari |
|---|---|
| Hutokea bila kukusudia | Hutokea kwa kukusudia |
| Huweza kuongozwa na ugwe mgongo | Huanzia kwenye ubongo mkubwa |
| Ni la haraka sana | Huchukua muda zaidi |
| Kichocheo kilekile huleta mwitikio uleule | Mwitikio hutegemea uamuzi |
| Mfano: kuondoa mkono kwenye sufuria ya moto | Mfano: kushika jembe na kulima |

*(b) Misuli pinzani*

Msuli huvuta tu, hausukumi. Kwa hiyo hufanya kazi kwa jozi. Ukikunja mkono, baisepsi hujikaza na traisepsi hulegea. Ukiunyoosha, mambo hubadilika. Mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, alionesha kwamba ugwe mgongo unapoamuru msuli mmoja ujikaze, papo hapo huzuia neuroni za msuli pinzani. Kumbuka neno *kuzuia*. Mfumo wa fahamu hauchochei tu; hutuliza pia. Bila kutuliza, misuli miwili ingeshindana na kiungo kingekakamaa.

*Mfano wa Tanzania: ugonjwa wa konzo*

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipatwa na ugonjwa uliokakamaza miguu yote miwili kwa ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina la lugha ya Kiyaka ya Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata watu ambao kwa wiki nyingi wamekula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vizuri, huku chakula chao kikiwa na protini kidogo. Mihogo hiyo hutoa sumu ya sayanaidi, na mwili unahitaji protini zenye salfa ili kuiondoa sumu hiyo.

Zingatia kilichoharibika. Misuli ni mizima. Ugwe mgongo bado unatoa refleksi, tena kali kuliko kawaida. Hisi za ngozi kwa kawaida zipo. Kilichoharibika ni neuroni zinazoshuka kutoka ubongo mkubwa kwenda kwenye ugwe mgongo. Amri ya ubongo haifiki ipasavyo, na utulizaji wake haufiki pia, ndipo misuli hubaki imekaza. Madhara hayo ni ya kudumu, hivyo kinga ndiyo muhimu: kuloweka au kuvundika mihogo michungu kwa siku za kutosha, kuikausha vizuri, na kula ugali wake pamoja na maharage, dagaa au mboga nyingine zenye protini. Mihogo hulimwa na kuliwa pia katika wilaya zetu, kwa hiyo jambo hili si la Tarime peke yake.

5. Maumivu hutokeaje?

Ngozi, misuli, maungio na viungo vya ndani vina ncha za neva zinazotambua hatari: joto kali, mgandamizo mkubwa, na kemikali zinazotoka kwenye seli zilizojeruhiwa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ilikwenda kwa David Julius na Ardem Patapoutian waliogundua vipokezi vya joto na mguso. Julius alitumia kemikali inayofanya pilipili iwake kinywani, akapata kipokezi kilekile kinachotambua joto kali. Ndiyo maana tunasema pilipili inaunguza ingawa haina moto.

Ishara za hatari hupita kwenye neuroni za aina mbili. Za haraka husafiri, kwa mfano, mita 20 kwa sekunde. Za polepole husafiri kama mita 1 kwa sekunde. Ukijigonga kidole cha mguu, na umbali hadi ugwe mgongo ukiwa kama mita 1:

- ishara ya haraka hufika kwa 1 ÷ 20 = sekunde 0.05;
- ishara ya polepole hufika kwa 1 ÷ 1 = sekunde 1.

Hivyo unasikia kwanza maumivu makali ya kuchoma, halafu yanafuata maumivu mazito ya kuvuta.

Sasa shika jambo linalobeba somo hili zima: ishara ya hatari siyo maumivu bado. Maumivu hutokea ubongo unapoipokea ishara hiyo na kuipa uzito. Njiani ishara huweza kupunguzwa au kuongezwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya ugwe mgongo kuna kitu kama lango. Ukisugua mahali palipogongwa, neuroni za mguso husaidia kulifunga lango hilo, na maumivu hupungua. Mama anayempapasa mtoto aliyeanguka anafanya hivyo bila kuhitaji kitabu. Ubongo nao hutuma amri za kushuka zinazotuliza ishara. Mchezaji huumia kifundo katikati ya fainali, anacheza hadi mwisho, na maumivu yanamjia baada ya kipenga.

Maumivu ni mlinzi. Mgonjwa wa ukoma ambaye neva zake zimeharibika huweza kushika sufuria ya moto asisikie, akaungua na kupata vidonda bila kujua. Kutosikia maumivu siyo baraka. Ukoma unatibika, na ukiwahiwa mapema neva huweza kuokolewa.

6. Kwa nini maumivu mengine hujirudia?

Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Chukua mkulima aliyeumia mgongo wakati wa kulima. Jeraha la msuli hupona, lakini kila msimu wa jembe mgongo unamrudia. Sababu zinazohusu mfumo wa fahamu ni hizi:

1. Kengele kuwa nyepesi. Neuroni za ugwe mgongo na ubongo zikipokea ishara za hatari kwa muda mrefu, sinapsi zake huimarika kama zinavyoimarika unapojifunza jambo kwa kulirudia. Kisha ishara ndogo, hata ya kuinama tu, huleta maumivu makubwa.
2. Misuli kujihami. Mfumo wa fahamu hukaza misuli kuzunguka sehemu iliyoumia. Mwanzoni ni ulinzi mzuri. Ukizidi muda, misuli huchoka, nayo hutoa ishara zake za maumivu, na mzunguko unaendelea.
3. Mkao mmoja kwa muda mrefu. Kuinama juu ya jembe tangu asubuhi, au kuinamia daftari kwenye benchi saa tatu bila kunyanyuka, hufanya misuli ileile ikaze bila nafuu. Tatizo kubwa ni kutobadili mkao.
4. Hofu, mawazo na kukosa usingizi. Ubongo wenye hofu hupunguza amri za kutuliza ishara za hatari. Ndiyo sababu shingo na kichwa huwauma watahiniwa wengi karibu na mtihani.

Mwenye maumivu ya namna hii mara nyingi huambiwa ni mvivu, anajifanya, au amerogwa. Biolojia inamtetea. Maumivu yake ni ya kweli, kwa sababu yanatokana na kazi halisi ya neuroni zake. Wakati huohuo biolojia inampa matumaini: mfumo wa fahamu uliojifunza kuwa mwepesi wa kengele huweza kujifunza upya. Kinachosaidia ni kurudi kwenye mwendo kidogokidogo, kugawa mzigo, kubadili mkao mara kwa mara na kulala vya kutosha. Kulala kitandani siku nyingi kwa ajili ya mgongo wa kawaida huchelewesha nafuu. Kumeza diklofenaki au ibuprofeni kwa wiki nyingi bila ushauri wa mtaalamu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Tahadhari. Si kila maumivu yanayojirudia ni kengele iliyokuwa nyepesi. Mengine yana chanzo kinachoendelea na hutaka matibabu. Maumivu ya mifupa yanayomrudia mtoto huweza kuwa siko seli, ugonjwa unaopatikana sana katika Kanda ya Ziwa. Kifua kikuu huweza kushambulia mifupa ya uti wa mgongo. Mtu aende kituo cha afya mapema akiona mojawapo ya haya: ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia haja, homa, kupungua uzito, maumivu yanayozidi usiku, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kwenye mti au ajali ya pikipiki.

7. Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

- Kuandika kwamba refleksi zote huongozwa na ubongo. Kuondoa mkono kwenye moto huongozwa na ugwe mgongo. Ubongo hupata taarifa baadaye kidogo.
- Kuandika "msuli unasukuma". Msuli hujikaza na kuvuta, au hulegea.
- Kuandika kwamba serebelamu huanzisha tendo la hiari. Serebelamu huratibu na kusahihisha. Ubongo mkubwa ndio huanzisha.
- Kuruka neuroni unganishi unapoeleza njia ya refleksi ya kuondoa mkono.
- Kusema "maumivu yapo kwenye jeraha tu". Jeraha hutoa ishara. Maumivu hutengenezwa ubongo unapoitafsiri.

8. Maswali ya kujipima

Swali 1. Mwanafunzi amefumba macho na amesimama kwa mguu mmoja. Taja vyanzo viwili vya taarifa vinavyobaki kumsaidia asianguke.
*Jibu:* Sikio la ndani. Vipokezi vya misuli, kano na maungio.

Swali 2. Mgonjwa wa konzo ana misuli mizima lakini miguu imekakamaa. Eleza.
*Jibu:* Neuroni zinazoshuka kutoka ubongo mkubwa hadi ugwe mgongo zimeharibika. Amri za hiari hazifiki ipasavyo, na utulizaji wa refleksi umepungua. Ugwe mgongo huendelea kuchochea misuli, nayo hubaki imekaza.

Swali 3. Kwa nini kusugua sehemu iliyogongwa hupunguza maumivu?
*Jibu:* Kusugua huamsha neuroni za mguso. Ishara zake hupunguza kupita kwa ishara za hatari ndani ya ugwe mgongo, hivyo ishara chache hufika kwenye ubongo.

Swali 4 (insha). Mkulima wa Biharamulo ana maumivu ya mgongo yanayomrudia kila msimu wa kulima kwa miaka miwili, ingawa jeraha la kwanza lilipona. Jadili sababu nne zinazohusu mfumo wa fahamu, na umshauri.
*Mwongozo wa jibu:* Utangulizi ueleze maana ya maumivu na maumivu sugu. Kiini kiwe na hoja nne, kila moja katika aya yake: sinapsi kuimarika, misuli kujihami, mkao mmoja kwa muda mrefu, na hofu pamoja na kukosa usingizi. Kila hoja ieleze *namna* inavyoleta maumivu, isiwe jina tu. Ushauri uanze na kupimwa ili kuondoa shaka ya ugonjwa mwingine, kisha kurudi kazini kidogokidogo, kubadili mkao, kulala vya kutosha na kuepuka dawa za maumivu za muda mrefu bila ushauri. Hitimisho lioneshe kwamba jeraha kupona na maumivu kuisha ni mambo mawili tofauti.

Swali 5. Pima uzito wako. Kokotoa asilimia 20 yake, kisha ulinganishe na uzito wa maji unayobeba nyumbani. (Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1.) Andika aya moja ukieleza ni mabadiliko gani ungefanya, na kwa sababu ipi ya kibiolojia.